Nilichora wingu ambalo sikuliona

Mchoro wangu wa kwanza wa Nebula ya Orioni, wingu la gesi lililo mbali kati ya nyota, bado ninao. Ni mzuri kuutazama. Una mbawa mbili zilizokunjuka kama za mwewe, na ndani ya mbawa kuna mikunjo mingi laini. Nilipomwonyesha mwalimu mwenzangu pale shuleni, aliniuliza kama nimeunakili kitabuni. Nikamwambia hapana, nimechora kwa macho yangu, usiku, nyumbani kwa mjomba, Kondoa. Niliamini nilichokuwa nasema. Miezi kumi na miwili baadaye, nikiwa uani pale pale na darubini ile ile, niliitafuta ile mikunjo karibu usiku mzima na haikuwapo.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kushika penseli na kuchora anga, ili asipoteze mwaka kama nilivyoupoteza mimi.

Nafundisha jiografia sekondari, Dodoma mjini. Oktoba 2021 nilinunua darubini iliyotumika kwa mtu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Nilitoa shilingi 480,000, na sitaficha kwamba ziliniuma. Kioo chake kina upana wa milimita 130 na mwanga wake hukutana baada ya milimita 650. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10. Gawanya 650 kwa namba ya lenzi, utapata ukuzaji: mara 26 kwa ile kubwa, mara 65 kwa ndogo. Haina mota. Imekaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka na unaisukuma kwa mkono. Kwa kuchora nebula hiyo inatosha kabisa, na kama mtu anakwambia huwezi kuanza bila chombo cha mamilioni, usimsikilize.

Kwa kweli hata darubini si lazima kwa kuanzia. Ningeambiwa leo nianze upya, ningekaa mwezi mzima nachora Kilimia, kile kishada cha nyota, kwa macho matupu. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akikiangalia kwa ajili ya shamba, na usemi wake ulikuwa ule wa wakulima wengi: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kaa chini, chora nyota unazoziona tu, zihesabu. Usiku wa kwanza nilipata tano. Wiki ya pili nilipata saba, na usiku mmoja baada ya mvua kubwa nikapata tisa. Anga halikubadilika kiasi hicho, jicho langu ndilo lililokuwa likijifunza. Hilo nililijua mapema, kisha nilipopata darubini nikalisahau.

Nilikwenda Kondoa likizo ya Desemba 2021. Dodoma mjini taa zimekuwa nyingi, wingu lolote hafifu linamezwa. Kwa mjomba umeme upo, ila ukizima taa ya barazani giza linakuwa giza. Nilipomweleza mpango wangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, ukitaka kukaa nje saa sita za usiku na taa nyekundu, mwambie kwanza mwenyekiti wa kitongoji. Watu hawajui unafanya nini."

Nikaona anakuza mambo, sikwenda. Usiku wa pili sungusungu wakaja, wanaume watatu na fimbo na tochi kali, wakaniangazia usoni. Hawakuwa na ubaya, ndiyo kazi yao. Lakini jicho linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi moja ya sekunde mbili inarudisha hesabu mwanzo. Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti, shikamoo, maelezo, na kumkaribisha aje kutazama mwenyewe. Tangu hapo sungusungu wakipita wanazima tochi wakiwa bado mbali na kuniita kwa jina. Kama wewe ni mwanamke, tena usikae nje peke yako hata mwenyekiti akijua. Nilikuwa na mjomba au binamu yangu kila usiku, na kule fisi wapo.

Ule mchoro niliuchora usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2022. Katika likizo yote nilipata usiku mitatu tu wa anga wazi, maana ni msimu wa mvua, lakini mvua ikikatika hewa inakuwa imeoshwa. Kundinyota la Orioni, ambalo vitabu vingine huliita Jabari, lina nyota tatu za mkanda zilizopangana mstari. Kando ya mkanda huo kuna nyota nyingine tatu hafifu, ndio upanga wake, na ile ya katikati ukiitazama vizuri si nyota, imefifia kingo. Hiyo ndiyo nebula, wingu la gesi linalozaa nyota, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300.

Nilisubiri ifike juu kabisa, kwa sababu nilisoma kwamba kitu kikiwa juu ndipo kinaonekana vizuri. Ushauri huo ni mzuri kwa watu wa Ulaya. Kondoa iko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na nebula hii nayo iko nyuzi 5 na kidogo kusini, kwa hiyo inapita juu ya utosi hasa. Saa tano na nusu usiku bomba langu lilikuwa limesimama wima kama mtungi. Darubini ya kitako cha mbao ikisimama wima haisukumiki vizuri: ukitaka iende kushoto, inajizungusha pale pale. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye kigoda, shingo imekunjwa, karatasi gotini, na nyota zinavuka uwanja wa lenzi ndogo, lile duara unaloliona, kwa dakika tatu tu. Ningechora saa tatu usiku, ikiwa bado upande wa mashariki, ningekaa kwenye kiti kama mtu anayesoma gazeti. Siku hizi ndivyo ninavyofanya, au nasubiri ivuke utosi na kuanza kushuka.

Mwili ukichoka, akili hujaza yenyewe. Nilikuwa nimeona picha za Nebula ya Orioni mara mia kwenye simu, zile nyekundu na zambarau. Nikaanza kuchora wingu kwanza, mbawa, mikunjo, kisha nyota nikazitia mwisho popote palipobaki nafasi. Kila niliporudi kwenye lenzi nilithibitisha nilichokwisha kuchora. Sikuwa nadanganya kwa makusudi. Ndiyo maana naliogopa kosa hili kuliko mengine yote: halina dalili.

Jicho na kamera havioni kitu kimoja. Kamera inakusanya mwanga kwa dakika nyingi, hata saa. Inanasa mwanga mwekundu wa haidrojeni ambao jicho gizani halina nguvu nao. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, kwa hiyo karibu kila nebula itakuwa ya kijivu. Sehemu ya kati ya Orioni ina mwanga mkali kiasi, pale mimi naona ukijani mwepesi sana, kama maji ya bwawani. Ukitegemea wekundu utavunjika moyo, na ukivunjika moyo utauchora wekundu.

Februari nilifanya kosa lililonigharimu fedha. Vumbi lilikuwa limetua kwenye kioo kikuu, nikalifuta kwa kitambaa cha miwani. Kioo cha darubini kimepakwa utando mwembamba wa alumini kwa juu, si kwa nyuma kama kioo cha kujitazamia. Vumbi la Dodoma ni mchanga. Nilipotazama kwa tochi nikaona mistari kama nywele, imezunguka kufuata mkono wangu. Nililia, sioni aibu kusema. Kila nyota angavu sasa ina ukungu kidogo pembeni, na nitaishi nao. Vumbi kidogo liache, halidhuru. Likizidi kabisa, toa kioo, kipitishie maji ya bomba yanayotiririka, kisha maji yenye tone la sabuni ya vyombo bila kusugua, halafu suuza kwa maji ya betri yanayouzwa gereji, yale masafi yasiyo na madini. Soma chupa mara mbili: yapo maji na ipo tindikali, na zinauzwa rafu moja. Kisimamishe kioo kwa upande kikauke chenyewe.

Kisha ikaja Pasaka, Aprili 17. Nilikuwa nimesoma kuhusu nebula ya kusini inayoitwa Eta Carinae, kubwa kuliko ya Orioni machoni, nikasubiri mapumziko hayo kwa hamu. Nauli yangu na ya mzigo, kwenda na kurudi, ilifika shilingi 30,000. Bomba lilipandishwa juu ya basi. Nilipofika, kila nyota ilikuwa na mkia kama kimondo, vioo vilikuwa vimehama kwa mtikisiko, na ilinichukua jioni nzima kuvirudisha kwa skrubu tatu za nyuma. Tangu siku hiyo nalipia kiti cha pili na bomba linakaa kando yangu limefungwa kwenye blanketi.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa mwezi. Ulichomoza jua lilipozama, mpevu, mweupe, uwanja wote ukawa kama mchana wa mawingu. Sikuona nebula yoyote usiku ule wala uliofuata. Mimi ni Mkristo, nimeadhimisha Pasaka maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba tarehe yake inahesabiwa kutokana na mwezi mpevu. Kila Pasaka huja siku chache tu baada ya mwezi mpevu.

Mjomba ni Mwislamu kama jirani zake wengi. Aliniona nimekaa barazani nimenuna, akanionyesha kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu kwa maandishi madogo. "Si uje Idi? Mwezi ndiyo kwanza unaandama." Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, umefika katikati. Tangu siku hiyo sitafuti programu yoyote ya simu: kuanzia tarehe 25 ya mwezi wa Kiislamu mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata ndiyo siku zangu. Wavuvi wa dagaa wanazijua siku hizo tangu zamani, wao huenda majini na taa zao wakati wa giza.

Nikarudi mwanzoni mwa Mei. Huo ndio usiku nilioanza kuchora kweli.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimesoma habari za John Herschel, Mwingereza aliyekaa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1834 hadi 1838 akichunguza anga la kusini. Alilichora wingu la Eta Carinae bila kamera, maana kamera ya kulifaa haikuwepo. Picha ya kwanza ya nebula yoyote, ile ya Orioni, ilipigwa na Henry Draper mwaka 1880. Kabla ya hapo penseli ndiyo ilikuwa ushahidi. Herschel alipima kwanza nafasi za nyota, zaidi ya elfu moja ndani ya wingu lile moja, kisha akaliweka wingu kati yake kama mtu anayeshona nguo kwenye vipimo. Kazi ilimchukua miezi mingi. Niliposoma hilo nikaona wazi nilichokosea: nilianza na wingu.

Basi nilifanya hivi. Nilichora duara la sentimita 12 kwa kuzungushia bakuli, mchana, karatasi tano. Tochi ndogo niliipaka rangi ya kucha nyekundu tabaka tatu, mpaka mwanga wake ulipotosha kuona mstari wa penseli na si zaidi. Mwanga mwekundu hausumbui sana jicho lililozoea giza, lakini tochi nyekundu yenye nguvu inaliharibu vilevile, hilo wengi hawaambiwi. Nilijifunika kichwa na kaniki ya bibi, ya zamani, nyeusi tii, nikabaki mimi na lenzi. Ukijaribu kitu kimoja tu katika maandishi haya, jaribu hicho.

Saa tatu kasoro usiku Eta Carinae ilikuwa juu kabisa upande wa kusini, nyuzi kama 35 kutoka upeo, mahali pazuri pa kukaa. Niliacha nyota zitembee bila kusukuma bomba na kuweka alama ya M pembeni mwa duara pale zinapotoka nje: huko ndiko magharibi. Kwenye darubini ya kioo picha imepinduka, bila alama hiyo hutajua baadaye karatasi inasimama vipi. Kisha nikatia nyota angavu, nne tu, nikizipima kwa umbo: hizi tatu ni pembetatu, hii iko nusu ya njia kati ya ile na ukingo. Halafu nyota za kati. Dakika arobaini nyota tupu, sikugusa wingu. Ilikuwa vigumu kujizuia, lilikuwa pale linaniita.

Kwa wingu lenyewe, usilitazame. Tazama pembeni yake kidogo, kama unavyomtazama mtu usiyetaka ajue unamwangalia. Katikati ya jicho ni dhaifu gizani, pembeni kuna nguvu. Ukitaka kujua ukingo ulipo, gonga bomba taratibu kwa ukucha. Kitu hafifu kikitikisika jicho hukikamata. Nilichoka, nikafumba macho, nikapumua, nikarudi. Ndipo mstari mweusi ukajitokeza, mpana, umelikata wingu kama herufi V, na ndani ya pembe yake nyota moja ya rangi ya chungwa ambayo haikuwa kali kama nyingine, imevimba. Ni Eta Carinae yenyewe, nyota iliyolipa wingu jina. Mwaka 1843 nyota hiyo iling'aa hadi ikakaribia Sirius, nyota angavu kuliko zote usiku, kisha ikafifia. Uvimbe niliouona ni gesi iliyotupwa nje wakati ule.

Wingu nilitia kwa vumbi la penseli laini ya 4B lililosagwa kwenye karatasi, nikilibeba kwa kipande cha karatasi laini kilichosokotwa kama kalamu. Usichore mstari wa ukingo, nebula haina mstari. Weusi wa ile V niliutoa kwa kifutio nilichokichonga ncha kwa wembe. Karatasi nyeupe, penseli nyeusi: usiku unaonekana kinyume, na asubuhi ukipiga picha ya simu na kuigeuza rangi unapata anga. Nilijaribu karatasi nyeusi na chaki nyeupe, nikaacha. Chaki haifutiki vizuri kwa kifutio, na mkono ukigusa umeharibu saa nzima ya kazi.

Pembeni andika saa, ukuzaji, hali ya hewa, na sehemu ambazo huna uhakika nazo. Mimi naweka alama ya kuuliza ndogo juu ya mchoro wenyewe. Mchoro wa Mei una alama za kuuliza saba. Hauvutii kama ule wa mbawa, na ndio niliouweka ukutani.

Likizo ya Juni nilichora nebula inayoitwa Lagoon, kule kwenye kundinyota la Mshale karibu na kiini cha Njia Nyeupe, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba kiangazi mvua hakuna lakini vumbi linakaa hewani chini, kwa hiyo chagua vitu vilivyo juu. Vaa koti. Kondoa Juni ni baridi kuliko watu wanavyodhani, na mkono unaotetemeka hauchori nyota bali vistari.

Desemba 2022, usiku wa giza wa tarehe 22, ndipo niliporudi kwenye Orioni na mchoro wangu wa zamani mkononi. Nilianza saa tatu na nusu, ikiwa bado mashariki. Nyota nne za kati, zile zilizobanana, zilikaa mahali pake. Mbawa zipo, fupi kuliko nilivyochora, moja angavu kuliko mwenzake. Mdomo mweusi unaoingia katikati upo. Mikunjo hakuna. Niliifuta akilini mmoja baada ya mwingine, na nakiri kwamba nilisikitika kuiaga.

Mjomba alikuwa amekaa nyuma yangu na kahawa. Nikamwomba achore na yeye. Alikataa, kwamba hajashika penseli tangu shule. Nikamsihi, akakubali. Akavua miwani, nikamwonyesha kitasa cha kurekebishia mpaka nyota zikawa nukta, nikamfunika kaniki. Hakuwahi kuona picha ya nebula hii hata moja. Alichukua robo saa, akachora nyota sita, doa moja kubwa, na doa jingine dogo lililojitenga, na kati yake nafasi nyeupe.

"Hiki kidogo ni nini, mjomba?"

"Sijui. Kipo pale. Hakijashikana na kile kikubwa."

Kwenye michoro yangu yote miwili nilikuwa nimekiunganisha, kwa sababu kwenye picha za simu vimeungana. Nikarudi kwenye lenzi, nikatazama pembeni, nikangoja. Kulikuwa na mpasuko mweusi, mwembamba, wazi kabisa, na upande wa pili kipande kama koma, chenye nyota moja katikati. Ni kile ambacho orodha za anga hukiita M43. Nikakifuta nilichokichora, nikakichora upya kikiwa peke yake, na pembeni nikaandika: saa nne na dakika ishirini, mara 65, kaona mjomba.